Ngozi Isiyo na Matundu

Siku walipomzika Onesmo, aliyefukiwa na kifusi cha shimo la dhahabu huko Buhemba, baba yake, Thadeo, alisikia mtu nyuma yake akisema kwa sauti ya chini, "Nyumba hii kuna anayekula cha mwenzake." Alikuwa Maige, jirani yao, mtu wa maneno mengi ambaye huenda hakumlenga yeyote. Thadeo hakugeuka. Alijua anayesemwa ni yeye.

Miaka kumi na tisa nyuma, kabla hajafungua kibanda chake cha spea za baiskeli Musoma mjini, Thadeo alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kijijini Butiama. Rafiki yake Magesa wa Suguti, ambaye kwao malisho yalikuwa haba, alimkabidhi ng'ombe jike amtunzie. Masharti yalikuwa yale anayoyajua kila mfugaji: maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mnyama akifa, ngozi yake hupelekwa kwa mwenyewe aione kwa macho. Ng'ombe yule akazaa dume. Alipokua kidogo, Thadeo alimuuza mnadani Bunda, akapita machinjioni akanunua ngozi ya ndama mwingine, akampelekea Magesa.

"Pole, ndugu yangu. Ameharisha siku mbili tu."

Magesa aliipokea, akaigeuza, akaikunja, akamshukuru kwa kuhangaika safari yote ile. Dume lile ndilo lililosimamisha kibanda.

Sasa Magesa alikuwa na miaka sita kaburini, na Judith, mtoto pekee aliyembakia Thadeo, alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika. Kila Thadeo alipomwona binti yake akishika kiuno, aliona ndama yule anadaiwa tena, na safari hii kwa Judith. Asubuhi moja akatoa koti lake sandukuni.

"Koti na jua hili?" mkewe Marcelina alimcheka. "Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda mnadani."

"Mnadani watu wanavaaga mabuti, baba Onesmo. Huko utakanyaga mavi na hilo koti lako la kanisani."

Alinunua ng'ombe mwekundu mwenye ndama anayenyonya, akawapakia kwenye pikapu mpaka Suguti. Boke, mjane wa Magesa, alikuwa akianika mihogo juu ya jiwe kubwa pembeni mwa nyumba.

"Shemeji! Leo umekuja na wageni wa miguu minne?"

Akamletea kigoda. Thadeo alikataa kukaa. Alisimama palepale juani akaeleza yote, kuanzia yule dume mpaka machinjioni, bila kuruka kitu. Boke aliendelea kugeuza vipande vya mihogo, kimoja kimoja.

"Ile ngozi," alisema mwishowe, "Magesa aliijua siku ileile."

"Aliijuaje?"

"Ngozi ya nyumbani inawambwaga chini kwa vigingi, si unajua? Inakuwa na matundu pembeni, pande zote. Yako haikuwa na hata tundu moja. Halafu ilinuka chumvi ya machinjioni."

Thadeo akakaa kwenye kigoda.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anakungoja. Kila ulipokuja hapa alikuwa ananiambiaga nichinje kuku, anasema leo Thadeo atasema. Unakula, unafuta mikono, unaaga. Tumechinja kuku wengi, shemeji."

Thadeo alitazama chini. Wale kuku aliwakumbuka. Alikuwa akimsifia Boke kwa mchuzi.

"Nisamehe," alisema. "Onesmo ameshalipa. Nisamehe ili Judith apone."

Boke akaweka muhogo chini.

"Onesmo alilipa nini?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi nimezika watatu hapo nyuma ya nyumba. Brenda alikuwa na miaka minne. Haya, wewe unayejua hesabu za Mungu, niambie. Mimi nilikula ndama wa nani?"

Thadeo akavua koti lake, akalikunja mapajani.

"Ng'ombe nampokea kwa sababu ni wangu," Boke alisema. "Na nimekusamehe, Magesa angetaka hivyo. Ila usiniambie nimemwokoa Judith. Uwezo huo sina. Ningekuwa nao, ningeutumia kwa wangu."

Wiki tatu baadaye Judith alijifungua kabla ya siku kutimia. Mtoto aliishi mpaka saa nane mchana. Walimzika Butiama, karibu na mjomba wake Onesmo.

Msibani Maige alianza tena. "Mambo haya huwaga na chanzo."

"Chanzo unakijua?" Ilikuwa sauti ya Boke, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, vumbi la njia likiwa bado miguuni. "Basi tuambie, mzee. Tumeacha kulima tuje kukusikiliza wewe."

Maige akashughulika na kiatu chake.

Boke alifungua chupa ya chai aliyokuja nayo, akammiminia Judith maziwa, kisha akamsogezea Thadeo kikombe.

"Ya yule mwekundu," alisema.

Thadeo alikishika kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa bado ya moto. Tangu Buhemba hakuwa amemlilia mwanawe. Alikuwa amemhesabu tu kama malipo. Sasa alimkumbuka Onesmo jinsi alivyokuwa akinywa maziwa, akiacha povu mdomoni makusudi ili mama yake amgombeze. Akalia, kikombe mkononi, na Boke akakaa chini kando yake.