Kompyuta Iliyomkaribisha Mama Chai

Dada yangu alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta kabla mama hajaanza kusahau. Mama alipofika hatua ya kuweka viatu jikoni na kutoka nje kutafuta nyumba aliyozaliwa, ilibidi mmoja wetu abaki naye. Mimi nina saluni, wateja wangu hawana subira, na kusema kweli sikujitolea. Dada aliacha kazi bila kulalamika, jambo lililonikera zaidi ya malalamiko. Miaka ikapita.

Halafu bosi wake wa zamani akapiga simu. Kuna nafasi, ila kila mwombaji lazima afanye mtihani, hata yeye. Dada alikubali haraka haraka, akakata simu, kisha akaniangalia kwa hofu.

"Nimesahau kila kitu," akasema. "Kichwa kimeota kutu."

Akaanza kutafuta mtandaoni mazoezi ya kuandika programu. Kila mara mama aliposinzia, yeye alikuwa mezani. Panga namba hizi kutoka ndogo hadi kubwa. Geuza neno hili lianzie mwisho. Msaidie panya atoke kwenye vichochoro. Alama za kijani zikajaa kwenye skrini nami nikampongeza, mpaka siku nilipopita nyuma yake nikamkuta amefungua ukurasa wa majibu.

"Unanakili!"

"Nachungulia tu."

"Na huko kwenye mtihani utamchungulia nani?"

Akafunga kompyuta. "Mimi na panya wapi na wapi," akasema, macho yakimlengalenga. Nilijuta, lakini mdomo wangu hauna breki. Wakati huohuo mama akauliza kutoka kwenye kochi, kwa mara sijui ya ngapi asubuhi ile, leo ni siku gani na nani yuko nyumbani.

"Basi mwandikie mama programu ya kumjibu," nikasema, "sote tupumue."

Nilikuwa namchokoza. Yeye akalichukua kama agizo.

Alibandika kitambaa chekundu kwenye kitufe kikubwa cha kompyuta yetu kuukuu. Mama akikibonyeza, sauti ya Dada inamwambia ni siku gani, ni asubuhi au jioni, na nani yuko wapi. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Ilipofika saa ya chai, kompyuta ilisema, "Mama, karibu chai," na kila alipobonyeza ilimkaribisha upya. Naye akawa anakuja jikoni na kikombe chake, anakunywa, anarudi kubonyeza, anakuja tena, huku akiisifu kompyuta kwa ukarimu. Dada alikuwa amesahau kuiwekea namna ya kukumbuka kwamba imeshamkaribisha. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakaa kurekebisha, na safari hii hapakuwa na ukurasa wa majibu popote duniani. Nikiwa jikoni nilisikia vidole vyake vikienda bila kusita.

Kila siku mama alileta swali jipya, na Dada akaligeuza kuwa zoezi. Lililomkwamisha ni moja tu. Mama huuliza kama baba amerudi. Baba alifariki zamani, nasi humjibu "bado", kwa sababu tulipomwambia ukweli alilia kama ndiyo kwanza anapata habari.

"Mimi nikimwambia bado, naona aibu kidogo, yanaisha," Dada akasema. "Lakini nikiifundisha mashine kusema hivyo, itamdanganya hata nisipokuwepo."

"Sasa iseme nini?"

Alilala na swali hilo, akaamka nalo. Mwishowe alibandika kipicha cha baba kwenye kitufe kingine, akarekodi kisa cha siku baba alipokuja kumwona mama kwa mara ya kwanza akiwa na viatu vya kuazima, vikambana hadi akaomba ruhusa avivue. Mama alibonyeza, akasikiliza, akacheka. Akabonyeza tena, akacheka vilevile. Sikujua kama nicheke naye au nilie.

Siku ya mtihani nilifunga saluni nikabaki na mama. Dada aliporudi alisema swali la mwisho hakulimaliza, lakini mengine yote aliyafanya kwa akili yake. Tukasubiri. Simu ilipokuja, walimtaka aripoti kazini Jumatatu. Nikapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia. Yeye akakaa kwenye kochi kando ya mama, akalia kwa kwikwi.

"Mimi nitakuwepo," nikamwambia. "Kiti cha wateja nakihamishia hapa sebuleni."

"Najua. Ila ni mimi ninayemwacha."

Mama alikuwa akimtazama. Siku hiyo hakumtambua. Tangu asubuhi alikuwa akimkaribisha kama mgeni. Akamfuta machozi kwa kiganja chake.

"Pole, binti. Unalia nini, na kazi umepata?"

"Namwacha mama yangu," Dada akasema. "Anaumwa."

Mama akamshika mkono, akaupapasa polepole.

"Nenda kazini, mwanangu. Mama yako mlete hapa, nitamwangalia mimi."