Rauta ya Zamani Niliyoipeleka Ukweni

Jamani, hii aibu nimeikalia miezi kadhaa na leo naitoa, chekeni mkitaka, hata mke wangu bado anacheka peke yake akiosha vyombo.

Shemeji yangu Ochieng, kakake mke wangu, alikuwa ameitwa intavyu ya kazi, ya kufanyiwa kwa kompyuta kutoka kwao Homa Bay, na waifai ilikuwa haifiki vizuri chumba cha nyuma, kwa hivyo mimi (fundi wa kujitangaza) nikasema nitavuta waya. Shida, rauta yao ilikuwa imebaki na tundu moja tu na waya zilikuwa mbili, ya kompyuta na ya TV ya mama mkwe. Mtu mwenye akili angenunua swichi, kile kidude cha kugawa mtandao kwa waya nyingi. Mimi nikabeba rauta yangu ya zamani kutoka Migori, nikijua itafanya kazi hiyohiyo bora kwanza uizuie isigawe anwani za mtandao. Kwanza! Lakini chai ilikuwa mezani, na chapati za moto, nikachomeka hivyo hivyo, taa zikawaka, nikajipiga kifua, "Mama, imekubali!"

Imekubali wapi. Nyumba moja sasa ilikuwa na wakubwa wawili wanaotoa amri, na huyo wangu hakuwa na intaneti ya kumpa mtu. Kompyuta ikakata. Simu zikakata. TV ikakata katikati ya mahubiri. Zimebaki dakika kumi Ochieng ahojiwe, amefunga tai, jasho linamtoka, "Shem, fanya kitu!"

Mama mkwe, mwalimu mstaafu, akashika rimoti atafute waifai mwenyewe, akaanza kusoma majina kwenye skrini kwa sauti ya darasani.

"She-me-ji... u-si-ru-di."

Yawa! Ochieng aliwahi kukaa kwetu miezi minne akitafuta dhahabu kwenye machimbo ya Osiri (dhahabu hakupata, sukari yetu alipata), na jioni aliyoondoka niliibatiza waifai ya rauta hiyohiyo jina hilo kwa furaha, kisha nikasahau.

"Baba Amondi," mama akaniuliza polepole, "huyu shemeji ni nani?"

Nikajifanya nakagua waya. Mke wangu akatazama dari.

"Mama," Ochieng akasema, "ni mimi."

Nikang'oa ile rauta kama jino bovu, lakini kompyuta bado ilikataa, basi nikampa intaneti ya simu yangu, nikasimama dirishani nimeiinua juu kama mnara hadi mkono ukafa ganzi. Alipoulizwa anaishije na watu wagumu, alinitazama kwanza, ndipo akajibu. Akajibu vizuri sana.

Kazi alipata, iko Kehancha, upande wetu wa Migori. Siku ya kwenda kuripoti alilala kwetu, na begi lake nililibeba mimi, bila kuambiwa.

Tangu hapo siunganishi rauta kuukuu kwa watu kabla sijaifuta yote iliyonayo kichwani. Na nikikasirika, naandika kwa karatasi, halafu naichoma.