Chumba Kisicho na Saruji

Juzi, nikingoja zamu yangu katika ofisi ya mchora ramani hapa Manika, kwenye migodi ya kobalti, mume na mke walikaa mbele yangu wakichagua ramani ya nyumba yao mpya. Mke alitaka dirisha kubwa jikoni na vigae vyeupe sebuleni. Mume akagonga karatasi kwa kidole.

"Ile chumba ya nyuma, usitie sima chini. Wacha udongo tu."

Mchoraji aliweka kalamu mezani. "Tata, ni chumba ya kulala ao ni shimo ya kobalti?"

"Jirani alichimba mu salon ya nyumba yake. Akapata."

"Na ukuta iliangukia nani?" mke akauliza.

Sisi wa mji huu tunaweza kuibomoa nyumba kabla ya kuijenga, na bado tukachagua vigae.

Mke akaweka vidole viwili kwenye ramani, kimoja juu ya chumba cha watoto, kingine juu ya kile cha nyuma.

"Hapa katikati ni mita ngapi?"

"Mita ine."

"Ongeza."

Mchoraji aliutazama mstari wa mpaka wa kiwanja.

"Parcelle ilishaisha, mama."