Chungu Ambacho Sikukionja

Nilirudi Bujumbura vita vikiwa bado vinaendelea, na diploma ya Kiingereza niliyoisomea Nairobi huku nikipiga pasi nguo za watu. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika hapo. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Kaka yangu alikuwa amekimbia nyumba yake Kamenge, akawa analala kwangu, Buyenzi. Alitaka kurudi. Jirani yake wa kule, fundi magari mzee wa kabila jingine, ndiye aliyesikilizwa mtaani. Akikubali kunywa nasi chungu kimoja, hakuna ambaye angemgusa kaka.

Mzee alikuja mchana, peke yake. Pombe ya mtama niliinunua mimi, hivyo kaka aliniachia nafasi ya mwenyeji. Mirija mitatu ilikuwa chunguni.

"We musomi, tufungulie," kaka alisema.

Nikafungua kwa nilichokijua. Nikaeleza kwamba jina la wiski, katika lugha ya kale ya Ulaya, lilikuwa maji ya uzima. Kwamba neno alkoholi Waingereza walilipata kwa Waarabu, na mwanzoni lilikuwa jina la unga wa wanja.

"Wanja ya macho?" mzee aliuliza.

"Ya macho, mzee."

"Ndiyo maana mulevi anaona kila mwanamuke ni muzuri."

Kaka akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nirudi. Nikaendelea. Waingereza wakiinua glasi kutakiana heri, tendo hilo huliita kwa jina la mkate wa kuchoma, kwa kuwa zamani waliutia kwenye divai. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Mzee alikuwa akiutazama mrija wangu.

Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone kwamba pombe ni salama. Najua hilo tangu utotoni. Na siku zile habari za sumu zilikuwa kila mahali.

"Mwalimu," mzee alisema akiinuka, "unajua pombe ya watu wote. Ya kwako haujakunywa."

Niliinama nikavuta, kaka naye akavuta. Mzee alikwisha chukua kofia yake. Alitushika mikono, akaaga kwa adabu.

Chungu tulikimaliza wawili. Ilikuwa pombe nzuri. Kaka hakunilaumu.

"Ule mukate," aliuliza, "walikuwa wanaukula?"

Nilimwambia sijui.

Hakurudi Kamenge. Diploma nimeitundika ukutani, juu ya kitanda chake.