Majani Yamerudi Uani

Enzi zetu kule Kizingitini, hakuna mtoto aliyetia mguu uani asubuhi kabla mama mwenye nyumba hajausoma mchanga. Nyinyi wenzangu mliokulia visiwani mnajua ninachosema. Baada ya swala ya alasiri fagio la chelewa lilishuka kutoka ukutani, na Mama akafagia kwa kurudi kinyumenyume, kutoka kwenye uzio hadi mlangoni, ili hata nyayo zake mwenyewe zisibaki. Ua ulilala mweupe mtupu, una mistari myembamba ya fagio tu. Magharibi ikiingia tulikuwa ndani, na mlango umefungwa.

Asubuhi tulijazana kizingitini mwa mlango, matumbo yanalia, mahamri yananukia jikoni, na chuoni mwalimu wa Kurani anatungoja na kifimbo chake. Mama hakuwa na haraka. Aliinama, leso ameifunga kiunoni, akatazama ua kipande kwa kipande. Hapa kaa amepita. Hapa paka wa jirani. Hapa kenge, na kenge tulimcheka kwa sababu mkia wake huchora katikati ya nyayo zake. Vyote vyenye miguu havikumshughulisha. Alichokuwa akikitafuta ni kile kisicho na miguu, na alitufundisha mapema kwamba kifutu hapindi pindi kama nyoka wengine. Hutambaa amenyooka, na huacha mstari mpana kama mtu aliyeburura gunia. Mpaka leo nikiona gunia linaburuzwa dukani, mimi hurudi nyuma hatua moja.

Mchana ua ulikuwa wetu. Tulicheza mdako, tulichora nyumba za mchangani zenye vyumba vingi kuliko jumba lolote la Lamu, tulifukuzana na mpira wa matambara mpaka mwili mzima ukawa chumvi. Upande mmoja tu wa nyumba haukufagiwa, ule wa baharini. Pale palikuwa na zulia la majani. Mboga ya pwani ilitambaa chini imeshikana, majani yake manene mafupi, mashina mekundu, na vijiua vya waridi ambavyo hufumbuka jua likipanda. Ikachanganyika na ule mtambaa wa ufukweni wenye maua ya zambarau yaliyofunuka kama bakuli. Watu waliiacha kwa sababu ilishika mchanga usiingie majumbani. Sisi watoto tuliipenda kwa sababu nyingine. Tulichuma jani, tukalitafuna, na chumvi yake ilitukunja nyuso mpaka tukacheka. Ndugu yangu Shee, anayenifuata mimi, alikuwa na mashavu yaliyojaa majani hayo kutwa.

Ni yeye Shee aliyeumwa na kifutu. Mpira ulizama kwenye majani, naye akaufuata bila kutazama, maana pale hapakuwa na mchanga wa kumwonya. Sikumbuki kama alilia. Nakumbuka Mama akikimbia na leso imeanguka, Baba akimbeba Shee begani kuelekea pwani kwenye boti ya kumpeleka Lamu hospitali, na wanawake wa mtaa wakisoma Yasini barazani kwetu, sauti zao chini. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na jua lilikuwa kali utosini.

Alirudi hai, alhamdulillahi, lakini mguu ule ulikonda na mpaka leo anachechemea. Kabla hata hajarudi, Mama alikuwa ameshika jembe. Alifukua zulia lote upande wa baharini, akang'oa mpaka mizizi, na majirani wakamsaidia na kufanya vivyo hivyo kwao. Nilimuuliza kwa nini hata yale yenye maua. Alinitazama kwa macho mekundu.

“Mtanga haufiti kitu, mwanangu,” akasema, akiuonyesha mchanga wa uani usio na pa kumficha nyoka. “Mayani ndiyo siyaamini.”

Kusi ilipokuja mwaka ule, hapakuwa na cha kuuzuia mchanga. Uliingia chini ya milango, ukaingia kwenye mitungi, tukautafuna kwenye wali. Ngazi ya nyumba yetu ilizama. Kila asubuhi tuliukomba tukautupa nje, na kila jioni ulirudi. Wazee walimwambia Mama apande tena, naye hakutaka kusikia. Afadhali alale mchangani, alisema, kuliko alale na asichokiona. Nami nilikua hivyo, nikiogopa jani lolote linalolala chini.

Sasa nimezeeka na naishi Kililana, bara, kwa binti yangu Swabra. Mumewe anafanya kazi bandarini, nami niliitwa kumlea mjukuu wangu Nuru, ambaye wakati huo alikuwa bado mchanga. Vijana wa siku hizi, Mungu awahifadhi, husoma simu, mchanga hawaujui. Swabra alikuwa ameona kwenye simu bustani ya nyasi, ile inayonyolewa kama kichwa cha bwana harusi, akaipanda mbele ya nyumba. Wenzake walikuja kupigwa picha juu yake wakiwa wamekaa kiupandeupande. Ng'ombe hana, mbuzi hana, lakini nyasi anazo, na kila alasiri anazinywesha. Nilimtania kwamba kwetu tulifuga vitu vyenye kutoa maziwa.

Utani ule haukudumu. Nyasi zilikunywa kisima. Kiangazi kilipokaza, ndoo zilianza kutoka na maji mazito ya munyu, chumvi tupu, chai ikawa haina utamu hata uitie sukari ya mwezi, na Nuru akaogeshwa akatoka vipele. Kisima kile ndicho kinachotuweka pale. Kingeharibika, tungehama turudi kupanga vyumba vya watu mjini. Swabra alisimama juu ya nyasi zake zimekuwa kahawia, akasema basi, hanyweshi tena. Nami nikafurahi kimoyomoyo, nikaenda kutafuta chelewa nifunge fagio.

Lakini ua mtupu wa Kililana si ua wa Kizingitini. Malori yanapita, udongo ule mwepesi unapanda hewani, na ndani ya muda mfupi kifua cha Nuru kikaanza kupiga filimbi. Nilikaa naye mapajani nikisikiliza pumzi yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikauogopa ua uliofagiwa. Swabra akaja na ndoo ya vijiti alivyovikata kandokando ya maji ya mkoko. Niliyatambua majani kabla hajaweka ndoo chini. Mboga ya pwani.

Nilimkatalia. Nilimweleza habari ya mjomba wake, ambayo aliijua, nikamweleza tena. Aliniitikia kwa adabu yote. Akasema haya hayataki maji ila ya kushika mizizi tu, munyu wa kisima hayaujali, yatafunika udongo, na magugu hayatapata pa kutokea. Upande wa jikoni atatambaza matembele ya viazi, tupate na mboga. Mimi nikasema na nyoka je? Hapo alimtazama Nuru, maana naye ana mtoto.

“Mama, mimi naogopa vumbi na wewe waogopa mayani,” akasema. “Nionyesha pa kumweka Nuru.”

Tukakubaliana kwamba majani yataishia mbali na baraza, na kati ya baraza na majani utabaki ukanda wa mchanga, wangu mimi, niufagie nitakavyo. Alinichotea mchanga mweupe akaumwaga mwenyewe.

Masika yakapita na majani yakashikana. Nitakuwa mwongo nikisema hayapendezi. Asubuhi huwa ya kijani kibichi, mchana mashina huiva mekundu, na vile vijiua vya waridi hufumbuka na nyuki huvijia. Wageni waliokuja kupigwa picha kwenye nyasi walirudi wakaomba vijiti. Vumbi lilitulia, kifua cha Nuru kikatulia, na maji ya kisima yakaanza kunyweka. Vyote hivyo niliviona nikiwa barazani. Mguu wangu haukuwahi kuingia mle. Kila alasiri nilifagia ukanda wangu kinyumenyume, na kila asubuhi niliusoma kabla mtu hajatoka. Mkwe wangu alikuwa akisimama mlangoni na viatu mkononi, amechelewa kazini, akingoja ruhusa ya bibi kizee. Hakuwahi kunung'unika.

Asubuhi moja, jua ndiyo kwanza limechomoza, nilitoka na kuukuta mlango umeegeshwa. Swabra alikuwa jikoni na kuni alizozitoa barazani, akidhani mtoto bado amelala kitandani kwangu. Nami nilipoamka nilidhani yuko kwa mamake. Nikainama kusoma mchanga.

Viganja vidogo. Magoti madogo. Vimeshuka ngazi ya baraza, vimekata ukanda, vimeingia kwenye majani. Vya kurudi havikuwepo. Na sambamba navyo, kutoka ngazini mpaka kwenye majani, mstari mpana ulionyooka, kama mtu aliyeburura gunia.

Niliita jina la Mwenyezi Mungu. Nilimwona Shee begani mwa Baba. Nilimwona Mama na jembe. Fagio lilikuwa mkononi nami sikulitumia hata kupigia majani mbele yangu, nilivamia tu, miguu mitupu, majani yale manene yakipasuka chini ya nyayo na kunilowesha, na kila hatua nilijua ndiyo nitakayoumwa.

Nuru alikuwa amekaa katikati ya zulia. Pembeni yake ilikuwa leso yangu ya kulalia, ambayo aliiburura kutoka kitandani mpaka pale, imeviringika, imejaa mchanga. Mdomoni ana jani. Alilitafuna, uso ukamkunja wote kwa chumvi, kisha akacheka na kunyoosha mkono kunipa lililobaki.

Niliketi palepale juu ya majani. Nilimpapasa miguu na mikono, kila kidole. Kisha nikalitia lile jani mdomoni, nikalia.

Mchana nilimpigia Shee simu Kizingitini nikamsimulia. Nilidhani atanigombeza kwa kumwacha mtoto peke yake.

“Mayani yenyewe,” akauliza, “yangali na munyu?”

Nilimwambia yangali nao. Akacheka cheko lake la utotoni, akasema tangu siku ile hajayaonja, kwa kuwa Mama hakuacha hata shina, na nyumba ile ya upande wa baharini ambayo sasa ni yake bado inaamka na mchanga mpaka chini ya kitanda. Akaniomba nimpelekee vijiti.

Zamani zetu zilikuwa na mama aliyeujua ua wake wote, na ua wenyewe ukiwa mtupu kwa ajili yetu. Siku hizi ua umerudi kuwa wa kijani na mzuri, watoto wanautambaa, na mimi ndiye niliyebaki kuinama asubuhi. Nikifa sijui nani atausoma. Swabra amenifungia fagio jipya la chelewa, sijui kama alikuwa ananifariji au anajifunza.

Vijiti vya Shee nimevikata, nikavifunga kwenye gunia lenye unyevu na kumkabidhi nahodha wa boti. Nimemwagiza Shee jambo moja tu, kwamba apande apendavyo, ila kati ya majani na mlango aache mchanga wa kufagia.