Mvua ya Matinyani Kwenye Kivinjari

Kabla mume wangu hajaondoka kwenda Kanada kutunza wazee, hakugusa paa linalovuja wala mlango wa choo. Alikaa siku nzima kwenye kompyuta ya saiba yangu, kiduka cha intaneti hapa Matinyani, akikipamba kivinjari kana kwamba ni nyumba tunayohamia.

Aliweka kiendelezi, yaani kiprogramu cha kuongezea kivinjari, cha kuzuia matangazo, kwa sababu matangazo ya kamari hunipandisha hasira hadi wateja wanacheka. Akaweka kingine cha kutia ukurasa giza, macho yangu yapumzike. Cha tatu ndicho nilichokipenda. Kila nikifungua kichupo kipya, yaani ukurasa mpya, nilikuta picha ya shamba letu, na juu yake saa ya hapa na saa ya kule. Nilikuwa nikifungua vichupo bila haja yoyote, nione tu kama amelala.

Aliahidi kurudi wakati wa kupanda. Kwetu mbegu huingia ardhini udongo ukiwa bado mkavu, mvua izikute huko, na yeye ndiye hushika plau. Msimu wa kwanza hakuja. Mkataba, alisema. Msimu wa pili sikuuliza, lakini plau nililipita pale ukutani nikiwa nimelinunia.

Juzi kivinjari kikajisasisha, na kiendelezi cha tatu kikazimwa. Kichupo kipya kikafunguka cheupe pe. Nilimpigia mume wangu kwa video nikilalamika kama mtu aliyeibiwa. Mteja aliyetaka kuchapisha barua nikamwambia asubiri.

"Mama watoto, tulia," alisema. "Usiguse kitu. Wacha nikuonyeshe kwa screen yangu."

Akanionyesha kivinjari chake. Alipofungua kichupo kipya, mimi nikaacha kusikiliza. Saa ilikuwa moja tu, ya hapa nyumbani. Chini yake palikuwa na hali ya hewa ya Matinyani, na kiwingu kinachodondosha matone.

"Saa ya huko iko wapi?" nikamuuliza.

"Ya huku ni ya job. Nikitoka naangalia hii." Akacheka kidogo. "Na si kunanyesha huko? Hapa inasema kunanyesha."

Nikatazama nje. Vumbi lilikuwa linakatiza sokoni, na mbaazi nilizopanda na mama yake zilikuwa bado zinangoja tone la kwanza. Sijui kile kiwingu kilikuwa kimemdanganya tangu lini, akikaa kwenye baridi ile akiifurahia mvua yetu. Nilimtamani sana.

"Mmepanda?" akauliza.

"Tumepanda."

"Na mvua?"

Ningeweza kumwambia ukweli, au nimwachie kiwingu chake.

"Njoo uione mwenyewe," nikasema.

Akarudi kwenye kivinjari changu. Kisha akaniambia, polepole sana, nibonyeze vile vidoti vitatu vya menyu pale juu, tukiwashe tena kiendelezi changu.