Vidole vya Metroni Bathsheba

Shuleni kwetu, mbele kidogo ya Rodi Kopany, muhula haukufunguliwa kwa kengele wala kwa maombi. Ulifunguliwa na vidole vya Metroni Bathsheba. Wasichana walipanga foleni nje ya bweni, wakaingia mmoja mmoja, wakalala chali, naye akawabonyeza chini ya kitovu huku ametazama dari kama mtu anayesikiliza redio. Akikwambia "enda darasani," umepona. Akikwambia "vaa ukae pale," sanduku lako halikufunguliwa tena. Barua ya kukurudisha nyumbani niliichapa mimi, Liz, karani wa ofisi, na niliandika "sababu za kiafya," maana mwalimu mkuu wetu hakupenda maneno machafu.

Metroni hakuwa muuguzi. Alisomea ushonaji. Vidole alipewa na Mungu, alisema, na pale shuleni hakuna aliyethubutu kumuuliza Mungu. Mimi pia sikuuliza, nisijifanye malaika leo. Miaka saba nilichapa barua hizo, na kila aliyefukuzwa alijifungua, au tuliambiwa alijifungua, au hatukufuatilia. Sifa zikafika hadi Homa Bay mjini.

Mei 1996 akamshika Risper wa kidato cha tatu, mtoto wa Rangwe, wa pili darasani. Pamba za mwezi zilitolewa na Metroni mwenyewe, naye alikumbuka kwamba Risper alikuwa hajaja kuchukua miezi miwili. Akabonyeza. "Iko," akasema. Risper akaapa kwamba hajawahi kulala na mwanamume. "Wote huapa," akasema Metroni. Mamake Risper alikuwa amelazwa hospitalini tangu Februari, na mtoto alikuwa amekonda kwa mawazo, sahani yake inarudi jikoni ilivyotoka. Hilo tulilijua wote. Nikachapa barua. Nilikosea jina lake, nikaichapa upya iwe safi.

Sasa sikia. Novemba mwaka huohuo, mwezi wa Metroni ukakosa kuja. Desemba kimya, Januari kimya. Mama wa miaka arobaini na saba, kitinda mimba wake amemaliza darasa la nane! Akalala chali, akajibonyeza, akajipa miezi mitatu. Kisha akaja ofisini, akafunga mlango.

"Liz, wasichana watanicheka."

"Si ni ya mzee wako? Wacheke nini?"

"Mimi ndiye ninayefukuza wenye matumbo."

Hapo alisema kweli. Lakini furaha ilimzidi aibu. Akanunua uzi wa manjano akaanza kufuma soksi, akaomba likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu akadai karatasi ya hospitali. Kumfukuza msichana, vidole vilitosha. Kumpa mfanyakazi likizo, havikutosha.

Akaniomba tuende Migori, mbali na wanaomjua. Katika kliniki ndogo, dada wa maabara aliyeitwa Asmaa alimpa kichupa cha mkojo. Baada ya muda mfupi akatuita. Hakukuwa na mimba.

"Pima tena," Metroni akasema. "Mimi mwenyewe nimeishika."

"Umeshika nini, mama?" Asmaa hakuuliza kwa dharau, ndiyo maana iliuma. Akaeleza polepole kwamba mwezi hukosa kwa mengi. Kwa umri wa Metroni, huenda unaaga. Kwa msichana, mawazo yanatosha, au ugonjwa, au kutokula. Mimba changa, hata daktari hawezi kuihisi kwa kubonyeza tumbo kabla ya kama mwezi wa tatu. Mtu akikosa mwezi, apimwe mkojo, ajue moja.

Metroni akakaa kwenye benchi la nje. Nilidhani anamlilia mtoto wake ambaye hakuwako. "Yule wa Rangwe," akasema. Wengine hakuwataja. Mimi nilianza kuwataja kimoyomoyo, nikaacha nilipofika kumi na tisa. Nilitaka kumzaba kofi, haki ya Mungu. Halafu nikakumbuka barua zilichapwa na nani.

Ilikuwa Februari. Wenzake Risper walikuwa wameingia kidato cha nne, na majina ya watahiniwa yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi. Tulikuwa na wiki mbili za kumrudisha darasani. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande, mradi barua isiseme kwamba shule ilikosea. Nikaandika: "Imethibitika kwamba binti yako hana mimba." Hakuna aliyempima safari hiyo pia.

Tulipofika Rangwe, babake Risper alimpokea Metroni kwa mikono miwili. "Mama, ulituokoa," akasema. Mamake Risper, ambaye alishapona, ndiye aliyetueleza. Wiki tatu baada ya kurudishwa nyumbani, Risper aliona mwezi wake. Alimwonyesha mamake, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini, mama akamwambia baba, na baba akasema: Metroni hakosei. Kama ilikuwako na sasa haiko, basi mtoto ameitoa. Majirani wakachukua neno hilo wakaenda nalo kisimani. Msichana mwenye jina hilo hakai kwao. Julai wakamwoza kwa Boaz, mwenye mashine ya kusaga pale sokoni, aliyefiwa na mkewe.

Tukamkuta Risper kwenye mashine, mikono imejaa unga, tumbo la miezi saba mbele yake. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kusaga walimtambua Metroni. "Si huyu ndiye aliyeiona kabla ya wote?" mmoja akasema, na wengine wakaitikia kwa heshima. Metroni akatoa barua. Risper alijipangusa mikono, akaisoma hadi mwisho, kisha akairudia mwanzo.

"Metroni, mmeandika nirudi kwa sababu imethibitika sina mimba."

"Nisamehe, nyathina, mwanangu."

"Nilikwambia sina. Siku ile. Nilikwambia." Hakupaza sauti. Akaikunja barua, akamrudishia, akaenda kumpimia mtu unga. Metroni alibaki amesimama, machozi yanamtoka mbele ya watu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Mwanamke mmoja akatua debe lake, akamsogelea. Mwezi wake ulikuwa umechelewa wiki mbili, alisema, na alitaka Metroni amguse kidogo tu ajue. Metroni akaficha mikono ndani ya leso. "Enda hospitali wakupime mkojo," akasema. "Vidole havijui kitu. Nilimkosea huyu mtoto. Hakuwa na mimba."

Wanawake wakalitazama tumbo la Risper, wakatazamana. Wakacheka kwa upole, kama watu wanaomcheka mtu mnyenyekevu kupita kiasi.

"Na huyu, Metroni," yule mwanamke akauliza, akilionyesha tumbo la Risper kwa kidevu, "alipimwa mkojo?"